Raundi ya Sabini na Moja

Merle Ketelsen alizaliwa mwaka 1941 katika nyumba ambayo ua wake wa nyuma umepakana na kona ya tatu ya uwanja wa mbio za magari, kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Kaunti yetu ya Ostrander, Iowa. Mama yake hakuwa akianika nguo Jumamosi, maana vumbi lingezirudisha kwenye beseni kabla hazijakauka. Baba yake alikuwa miongoni mwa wakulima waliosomba udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni kwa magari ya farasi ili kuziinua kona zile, na mpaka anazeeka alikuwa akisema kwamba kona ya tatu ni mali yake, wengine wanaazima tu. Kama kuna mtu aliyestahili kuheshimiwa pale uwanjani, basi ni Merle. Mimi ndiye niliyemvunjia heshima hiyo, na ninaandika nikiona aibu hata mbele ya karatasi.

Jina langu ni Vonda Wiebers. Nina miaka sabini na mitano, na thelathini na mmoja kati ya hiyo niliimalizia juu kwenye kibanda cha wahesabu wa raundi, pale mkabala na mstari wa kumalizia. Kabla kompyuta hazijaja, sisi ndio tuliokuwa tunajua nani ameshinda. Watu wa hapa wana msemo kwamba Vonda hajawahi kukosa raundi. Wanausema dukani, wanausema kanisani, na mchungaji mmoja aliuweka kwenye mahubiri. Kila nikiusikia natabasamu, kisha nabadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana kamati ya maonyesho ilinijia mimi mwaka huu, uwanja ulipotimiza miaka mia moja ya mbio za magari, wakitaka niandike historia yake kwenye kijitabu. Sehemu ya mwanzo haikunipa taabu. Uwanja ulilimwa mwaka 1891 kwa ajili ya farasi wa mbio, nusu maili kuzunguka, umbo la yai. Mwaka 1924 magari yakaingia, na farasi wakafukuzwa kwa kelele. Wakati wa Vita vya Pili palimea magugu, kondoo wa kamati wakala. Vita vilipokwisha vijana walirudi wanajua injini kuliko wanavyojua Zaburi, na kila banda la ng'ombe likawa na gari bovu ndani linalopigwa nyundo. Jukwaa la mbao liliungua, likajengwa la chuma. Mwaka 1958 wakaanzisha ile tunayoiita Mia: raundi mia moja, Jumamosi ya mwisho ya maonyesho, Agosti, jua likiwa bado kali. Ukishinda Mia, jina lako linapakwa rangi kwenye ubao ulio juu ya lango, na halifutiki.

Mikosi nayo ilikuwa na sheria zake. Eneo la mafundi hapakuingizwa karanga, hapakuingizwa gari la kijani, na hapakuingia mwanamke. Usiniulize karanga zilimkosea nani. Wanawake walau najua.

Sasa Merle, yeye alikuwa na gari la kijani. Alilipaka kwa rangi iliyobaki ya trekta kwa sababu ilikuwepo na nyingine haikuwepo, akaliandika namba ishirini na saba kwa mkono wake. Wenzake walipomsogelea kumwonya, aliwajibu, "Mkosi unampata aliyesimama. Mimi nitakuwa nakimbia." Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema mwaka ule. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kuhesabu. Ukimpa mfuko wa misumari atakwambia imo mingapi kabla hujauliza. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa arobaini na nne, na asubuhi alijua idadi ya mbayuwayu waliokuwa zizini. Mkewe Arlys alikuwa akimtania: "Bwana, hata mabusu unayahesabu?" Naye anajibu kwa sauti ya chini, "Ya jana yalikuwa mawili, na moja lilikuwa la shavuni."

Sisi tulikuwa majirani zao, shamba kwa shamba. Mume wangu Gaylen alikuwa na mashine ya kuvunia mahindi, Merle hakuwa nayo. Merle alikuwa na mikono ya kutengeneza chochote, Gaylen hakuwa nayo. Basi tulivuna pamoja na kuchinja nguruwe pamoja, na Gaylen naye alikuwa dereva, gari namba nne, jekundu. Arlys alikuwa rafiki yangu. Nasema alikuwa.

Mwaka 1974 wahesabu wanaume walianza kupungua, wengine macho, wengine kiuno kwa zile ngazi. Msimamizi wao alikuwa mzee Tjaden, mwalimu mstaafu wa hesabu, mkali kama siki. Akaamua kujaribu wanawake. Kelele zilizopigwa, utadhani alitaka kuleta karanga. Walimwambia: mwanamke atamwangalia mumewe, hataangalia gari alilopewa. Kwa hiyo Tjaden akatunga kanuni. Kila mwanamke alipewa gari la mume wa mwenzake, na tuliinua mkono tukaapa. Mimi nikapewa ishirini na saba, gari la Merle. Arlys akapewa nne, gari la Gaylen. Tuliketi kiwiko kwa kiwiko, kila mmoja akimtunzia mwenzake mume.

"Humu ndani huna mume, mama," Tjaden aliniambia siku ya kwanza. "Una namba ishirini na saba. Akiwaka moto namba nyingine yoyote, wewe hujaona."

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Una karatasi yenye vyumba mia moja. Gari lako likipita mstari, unaangalia saa kubwa ya ukutani na kuandika saa hiyo kwenye chumba kinachofuata. Raundi moja ilichukua kama sekunde ishirini na nane. Ukikosa, unainua mkono papo hapo na kusema, "Nimekosa," na Tjaden anaona kwenye karatasi yako pengo la sekunde hamsini na sita, anarekebisha, mambo yanakwenda. Kukosa hakukuwa kosa kubwa. Wanaume walikosa kila wiki, wakainua mkono, wakachekwa, wakanunuliwa kahawa.

Mia ya mwaka 1975 ilikimbiwa kwenye vumbi. Lori la maji lilikuwa limeharibika tangu Alhamisi, na jua lilikuwa limeukausha udongo ukawa unga. Jukwaani watu waliyaona magari yakipita mbele yao tu, kisha yanazama. Raundi ya thelathini na moja Merle alipata pancha, akaingia kubadilisha tairi na kujaza mafuta, akapoteza raundi moja. Raundi ya sitini Gaylen naye akaingia kujaza mafuta, akapoteza raundi moja. Wakawa sawa, Gaylen mbele, Merle nyuma yake kidogo, na wengine wote mbali. Lakini jukwaani hakuna aliyekuwa na uhakika wa jambo hilo. Waliojua ni sisi tulioshika penseli.

Raundi ya sabini na moja, kwenye kona ya nne, gari jekundu liliyumba, likaukwaruza ukuta kwa ubavu mzima, na likazamia vumbini. Nilisimama. Nilisimama na mkono mdomoni, jicho kwenye vumbi lile, nikimtafuta mume wangu, na sikuwa na namba yoyote kichwani. Akatokea, mzima, gari linavuta upande. Arlys pembeni yangu aliandika saa yake bila kuinuka. Nikaketi. Ndipo nilipoona, mbali kule kwenye kona ya kwanza, mgongo wa gari la kijani. Lilikuwa limeshapita mbele yangu.

Mkono wangu ulikuwa mwepesi, ungeweza kuinuka. Ila nilimwona Tjaden ananiangalia, na nyuma yake wanaume wawili waliokuwa wamesema kwa vinywa vyao kwamba mwanamke atamwangalia mumewe. Mmoja alikuwa anacheka tayari. Niliona haya. Sikutaka wawe wamesema kweli. Nikasema moyoni, nitasema raundi ijayo. Raundi ijayo nayo ikaja na nyingine nyuma yake, na kila moja ilikuwa inaifanya ile ya kwanza iwe ngumu zaidi kutamkwa. Nilipofika ya themanini nilikuwa nimegundua kwamba kwa karatasi yangu Gaylen anaongoza. Hapo sina cha kujitetea. Haya ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine, kitu chenye tamaa ndani yake.

Merle alivuka mstari wa kumalizia akiwa mbele ya Gaylen kwa urefu wa magari kumi. Mshika bendera, kwa maagizo ya kibandani, hakumpungia. Alimpungia Gaylen. Lakini Merle alikuwa amehesabu mwenyewe, kama alivyohesabu kila kitu maisha yake yote, akajua mia imetimia. Akaliendesha gari lake hadi mbele ya jukwaa, mahali pa mshindi, akatoka kupitia dirishani, akapanda juu ya paa na kuinua mikono yote miwili. Sijawahi kumwona akitabasamu vile, wala kabla wala baadaye.

Mtu mmoja akapiga mbinja, na kicheko kikashuka ngazi zote.

"Shuka, Merle, paa litabonyea!"

"We Merle, shule uliishia darasa la ngapi? Mpaka mia huwezi?"

"Ondoa hilo kopo lako la kijani, mwenye nyumba anakuja!"

Gaylen alikuwa anakuja kweli, na gari lake lililopinda. Merle alishuka polepole. Akapanda ngazi za kibanda chetu, uso umejaa udongo, miwani imeacha miduara miwili myeupe kuzunguka macho.

"Mzee Tjaden," akasema, "nimekimbia mia. Mnaniandika tisini na tisa."

Tjaden akaninyooshea kiganja nimpe karatasi. Sasa ndio niseme lile ambalo sikulisema kwa mume wangu mpaka namzika. Wakati Merle anashangiliwa kwa kejeli kule chini, mimi nilikuwa nimefuta vyumba saba kwa kifutio cha penseli. Lile pengo la sekunde ishirini na nane zilizozidi nililigawa, nne kwa kila chumba, ili ionekane kwamba alipunguza mwendo kwa ajili ya vumbi. Nilifanya hivyo vizuri. Nilikuwa hodari wa hesabu.

Tjaden aliishusha karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari. "Ulipunguza hapa," akamwambia.

"Sikupunguza."

"Karatasi inasema ulipunguza." Akanigeukia. "Mama Wiebers, ulikosa hata moja?"

"Hapana, mzee," nikasema.

Merle akamwangalia mkewe. Arlys alikuwa ameshika karatasi ya Gaylen, safi, imejaa, vyumba mia. "Mimi nilikuwa naangalia namba nne, Merle," akasema. "Niliapa. Sikukuona." Yeye alishika kiapo, na kwa kukishika akakosa cha kumtetea mumewe. Mimi nilikivunja nikabaki na ushahidi wote.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Yangu imechukua miaka arobaini na tisa.

Jina la Gaylen lilipakwa rangi kwenye ubao. Merle alipeleka malalamiko kwenye kamati, yakatupwa. Akasema kwenye duka la mbegu kwamba alikimbia mia, akasema tena kwenye ushirika wa wakulima, na hapo msemo ukazaliwa: hesabu ya Merle. Mtu akisema amevua samaki kumi na wawili, anaulizwa, "Kwa hesabu yako au ya Merle?" Mwenye duka la mayai akikufungia dazeni anakwambia, "Kumi na mbili halisi hizi, si za Merle." Binti yake alipopata alama tisini na tisa, watoto wa shule walimwambia, "Kwa hesabu ya Merle hiyo ni mia." Walicheka bila ubaya, ndivyo wanavyosema wenyewe. Kicheko kisicho na ubaya kinaweza kumlia mtu mpaka mfupa, na hakuna wa kumlaumu.

Oktoba mahindi yalikauka, na mwaka ule upepo ulianza mapema ukawa unayalaza chini. Gaylen alikuwa amekasirika kuitwa mwizi, japo Merle hakuwahi kutamka neno hilo. Mashine ilikuwa imekaa bandani kwetu, na shamba la Merle lilikuwa linaharibika siku baada ya siku. Jioni moja jua halijazama, Merle aligonga mlango wa jikoni. Alikuwa amevua kofia.

"Gaylen," akasema, "nimekuja kusema nilikosea. Nilikosa hesabu. Ulishinda kwa haki."

Ilimtoka kama mtu anayetema jino. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na moyo mkubwa akishaombwa. Alimkumbatia. "Yamekwisha, jirani. Kesho asubuhi naanza na shamba lako. Vonda, mkatie mwenzetu pai."

Nikamkatia pai ya matofaa, nikamwekea kahawa. Alikula taratibu sana, kipande kwa kipande, akiuweka uma chini kila mara. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki nimempa mgongo, nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata. Gaylen aliongea peke yake kuhusu bei ya soya. Merle alipomaliza aliiosha sahani yake mwenyewe, akasimama pembeni yangu kwa muda, kisha akasema, "Asante kwa pai, Vonda," akaondoka.

Mwaka 1979 ushirika ulitafuta mtu wa kukaa kwenye mizani ya nafaka. Ni kazi ya mtu mwaminifu: malori yanapita, wewe unasoma uzito, na wakulima wote wanalala usingizi kwa kukuamini wewe. Hakukuwa na mtu katika kaunti nzima aliyezaliwa kwa kazi ile kama Merle, na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa ng'ombe. Aliomba. Mtu mmoja kwenye kikao akasema, "Hesabu ya Merle kwenye mizani? Mtauziwa upepo." Wakacheka, wakampa mwingine. Sikuwa kwenye kikao hicho. Gaylen ndiye aliyekuwepo, akarudi nyumbani akanisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka naye. Naam, nilicheka. Merle alikamua ng'ombe miaka ishirini na miwili zaidi, akiwa amejifunga mkanda wa ngozi kiunoni. Gari la kijani hakuliendesha tena. Kila Jumamosi alikaa uani kwake, nyuma ya kona ya tatu, kiti kimeupa uwanja mgongo, akisikiliza.

Arlys aliacha kuja kibandani baada ya msimu ule, na kuja kwangu pia. Mimi nilibaki. Tjaden alipostaafu walinifanya msimamizi, mwanamke wa kwanza. Nilikuwa mkali kuliko yeye. Binti akikosa raundi nilimwambia mbele ya wote, "Inua mkono! Hakuna aliyekufa kwa kuinua mkono." Walidhani ni busara.

Basi mwaka huu nikiwa na karatasi za historia mezani, nikafika 1975, na mkono ukakataa. Niliandika mshindi: Gaylen Wiebers. Nikafuta. Nikaandika tena. Siku tatu. Siku ya nne nikaandika yote, kama nilivyoyasema hapa, nikampelekea mwenyekiti wa kamati, Kendra Folkerts, msichana wa miaka thelathini na mmoja ambaye ana haraka na kila kitu na moyo wake ni mzuri.

Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alikuwa na machozi. "Mama Vonda," akasema, "hii ni tamu kuliko kitu chochote kwenye kijitabu chote."

"Sikuiandika iwe tamu, mwanangu."

"Lakini hebu fikiria! Jumamosi, kabla ya Mia, unasimama pale mbele, unaisema mwenyewe kwenye kipaza sauti. Merle yupo, Arlys yupo. Tunalipaka upya jina kwenye ubao. Jamani, watu watalia."

Nilipaswa kukataa. Nyumba ya Merle iko dakika kumi kutoka kwangu kwa gari, na nilipaswa kwenda pale, kugonga mlango wa jikoni, kuvua chochote kinachovuliwa na kusema. Nilikubali kipaza sauti. Kuungama mbele ya watu elfu mbili ni rahisi kuliko mbele ya mmoja. Elfu mbili hawana macho. Hilo nililijua nikiwa nalikubali.

Jumamosi ikafika, saa tisa mchana, jukwaa limejaa. Nilisoma kutoka kwenye karatasi. Sauti yangu ilitoka kwenye vipaza vyote, ikarudi kutoka kona ya tatu. Nilisema nilisimama. Nilisema sikuinua mkono. Nilisema juu ya kifutio na vile vyumba saba. Nilisema mshindi wa mwaka 1975 ni Merle Ketelsen, na kwamba mimi ndiye mwongo, si yeye.

Nilingoja wanizomee. Nakwambia nilikuwa nataka wanizomee. Badala yake mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wa pili, na jukwaa zima likainuka. Wakanishangilia. Wakaliita jina langu. Kendra akaniletea maua akanikumbatia, akilia. Mtangazaji akachukua kipaza sauti na kusema, "Haya jamani, kumbe hesabu ya Merle ilikuwa sawasawa!" Watu wakaangua kicheko, kilekile, kile cha mwaka 1975, na sikuona hata mmoja aliyegeuka kumwangalia mwenyewe. Walikuwa wananivika kilemba cha ukoka, na mimi nilikuwa nimekiinamishia kichwa.

Nikashuka na maua yangu hadi safu ya nne, alipokuwa ameketi. Merle sasa ni mzee wa miaka themanini na mitatu, mwembamba, shingo imelegea ndani ya kola. Arlys alikuwa ameweka mkoba mapajani. Hakusogea kunipa nafasi.

"Hajasikia," akaniambia. "Betri za kifaa chake cha masikio zimekwisha tangu asubuhi. Ameona watu wanapiga makofi, naye akapiga."

"Mwambie basi, Arlys. Wewe sauti yako ameizoea."

"Nimwambie nini? Mimi siku ile nilikuwa namwangalia mumeo, kama nilivyoapa. Sikuona kitu. Mwambie wewe unayejua."

Nikachutama kwenye ngazi ya chuma, magoti yakilia, nikauweka mdomo karibu na sikio lake. Ilibidi nipige kelele. "Merle! Mwaka sabini na tano! Ulishinda wewe!"

Akanitazama. "Nani?"

"Wewe! Mimi nilikosa raundi! Ya sabini na moja!"

Watu wa safu ya mbele waligeuka wakitabasamu. Merle aliyaangalia maua, akaniangalia mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuwa ndani ya gari."

Miaka yote nilikuwa nimejiliwaza kwamba labda yeye mwenyewe aliishia kuamini kwamba alikosea, kwamba alipokuja kuomba radhi ilitoka moyoni na akalala. Nikamuuliza kwa sauti ileile ya kelele, kwa kuwa hakukuwa na nyingine: "Mbona basi ulikuja kumwambia Gaylen umekosea?"

"Mahindi yalikuwa yanalala chini," akasema. "Na mashine ilikuwa yenu." Alikuwa anaongea taratibu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, na maneno yake yalifika safu tatu juu. "Maisha yangu yote nimesema uongo mmoja tu, Vonda. Niliusemea jikoni kwako. Ile pai niliila polepole makusudi, nikikupa muda. Nilidhani utageuka."

Arlys akamshika mkono, akamwambia kwa ishara kwamba magari yanatoka. Merle akageuza uso kuelekea uwanjani. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala hapakuwa na nafasi yangu.

Nikainuka. Kiti changu kilikuwa juu kabisa, pembeni ya kibanda, na nililazimika kupita katikati ya watu wote wale kukifikia. Kila niliyempita alinishika mkono akaniambia nimefanya jambo la ushujaa, nami nikawajibu asante, asante sana, mpaka nikafika.